Wimbo Mmoja, Masomo Matatu: Mdundo, Solfa na Upatanifu wa Sauti Katika Madarasa ya Chini

Maandishi ya mazungumzo kwa walimu wa chekechea na wa Gredi ya 1 hadi ya 3, Kaunti ya Tana River



Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, wanamuziki wachache waliteuliwa kutafuta wimbo wa taifa. Kiongozi wao alikuwa Graham Hyslop. Pamoja naye walikuwa George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Nchi nyingine zilikuwa zimezoea wimbo uliotungwa kwa mtindo wa kijeshi, wenye tarumbeta na ngoma nzito. Kamati hiyo ilichagua bembelezi ya Wapokomo, wimbo ambao akina mama wa kando ya Mto Tana walikuwa wakiwaimbia watoto wachanga ili walale. Melodi ile fupi ikatiwa maneno mapya ya Kiswahili na Kiingereza, ikapangiwa sauti za kuimbwa na kwaya na kupigwa na bendi, na hadi leo ndiyo inayowasimamisha Wakenya wima.

Kila mtoto anayeingia darasa la chekechea huko Hola, Garsen, Bura au kijiji chochote cha kaunti hii anastahili kuijua habari hiyo. Mwalimu wake anastahili kuijua zaidi, kwa sababu ina somo la kazi. Wimbo mdogo si wimbo hafifu. Wimbo ambao mtoto wa miaka minne anaushika kwa siku moja unaweza kubeba mdundo, ngazi ya sauti na upatanifu, yaani mambo yote matatu ambayo somo la muziki linamtaka mtoto ayapate katika miaka yake ya kwanza shuleni.

Mazungumzo haya yanahusu jinsi ya kuyatoa mambo hayo matatu ndani ya wimbo mmoja, bila piano, bila kinanda, na bila mwalimu kuwa mwanamuziki.

Kwa nini jambo hili ni la kaunti

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliipa serikali ya kaunti jukumu la elimu ya chekechea. Shule za msingi zimebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo miaka miwili ya mwanzo ya mtoto darasani, PP1 na PP2, iko chini ya walimu wa kaunti, na wanachopanda wao ndicho atakachovuna mwalimu wa Gredi ya 1.

Katika mtaala wa umilisi, muziki wa madarasa ya chini hausimami tena peke yake. Umeunganishwa na sanaa ya kuchora, ufundi na michezo katika eneo moja la ubunifu. Mpango huo una faida zake, lakini una hatari yake pia. Mwalimu asiyejiamini katika muziki anaweza kuchora Jumatatu, kucheza mpira Jumatano, na muhula ukaisha bila darasa kuimba isipokuwa nyimbo za kukaribisha wageni. Ukaguzi utaonyesha kuwa somo limefundishwa, na ni masikio ya watoto pekee yatakayojua kuwa halikufundishwa.

Mara nyingi mwalimu huyo huwa na sababu mbili. Ya kwanza: shule haina ala. Ya pili: "Mimi sijui muziki." Sababu zote mbili zina historia ndefu, na zote zimeshapata majibu.

Kasisi asiyejua kusoma noti

Katika karne ya 11 huko Italia, mtawa mmoja aliyeitwa Guido wa Arezzo alichoshwa na kuwaona wavulana wa kwaya wakitumia muda mrefu kujifunza wimbo mmoja kwa kuukariri. Akachukua silabi za mwanzo wa mistari ya wimbo waliokwisha kuufahamu, akazifanya majina ya sauti. Hapo ndipo chanzo cha do, re, mi tunazozijua, ingawa do yenyewe na ti ziliingia baadaye. Jambo la kukumbuka ni kwamba Guido alianza na wimbo ambao watoto walikuwa nao tayari midomoni.

Miaka mia nane baadaye, mwaka 1841, mkutano wa walimu wa shule za Jumapili mjini Hull, Uingereza, ulimwomba kasisi kijana aitwaye John Curwen atafute njia rahisi ya kufundisha watoto kuimba. Curwen hakuwa mwanamuziki. Kusoma noti za mistari mitano kulimshinda. Akapata kitabu cha Sarah Glover, mwalimu wa Norwich aliyekuwa akifundisha watoto kwa herufi za solfa, akakijaribu kwanza juu ya nafsi yake, kisha akakiendeleza hadi kikawa mfumo wa tonik solfa: d, r, m, f, s, l, t. Wamisheni waliuleta mfumo huo Afrika, na mpaka leo kwaya nyingi za makanisa na za shule nchini Kenya husoma nyimbo zao kwa herufi hizo.

Kwa hiyo mwalimu wa chekechea anayesema hajui muziki ana mwenzake wa kumtia moyo. Solfa iliendelezwa na mtu aliyekuwa na shida hiyo hiyo.

Katika karne ya 20, Zoltán Kodály wa Hungary, aliyezaliwa 1882 na kufariki 1967, aliongeza jambo moja kubwa. Alisema mtoto aanze na nyimbo za kwao, katika lugha ya mama yake, na atumie sauti yake kabla ya kushika ala yoyote. Wazo hilo halihitaji kufafanuliwa sana mahali ambapo bembelezi ilikuja kuwa wimbo wa taifa.

Sauti kwanza, alama baadaye

Kanuni moja inaongoza hatua zote zinazofuata: mtoto aimbe kwanza, kisha apewe jina la kile alichokiimba, na mwisho kabisa aone alama yake. Mtoto hujifunza kusema "maji" miaka mingi kabla ya kuandika neno hilo. Hakuna mama anayemwandikia mtoto herufi "m" ubaoni kabla ya kumpa maji. Lakini katika muziki kosa hilo hutendeka kila siku: mwalimu huanza kwa kuchora noti na kueleza thamani zake, na watoto huzikariri kama majina ya miji wasiyowahi kuifikia.

Ili kuonyesha kazi kwa vitendo, uchukuliwe wimbo huu mfupi, uliotungwa kwa ajili ya mazungumzo haya:

Mama ana embe,
Embe tamu sana;
Gawa kwa wenzio,
Tule sote leo.

Sauti zake ni hizi, mstari kwa mstari:

so so mi mi so mi
so so la la so mi
so so mi mi so mi
so so mi mi re do

Ni mistari minne, kila mmoja una mapigo manne, na sauti ni tano tu: do, re, mi, so na la. Neno "embe" kila mtoto wa kaunti hii analijua kwa ulimi wake. Mwalimu anaweza kuweka wimbo mwingine wowote wa nyumbani kwa watoto, mradi uwe mfupi, uwe na sauti chache, na watoto waupende.

Siku mbili au tatu za kwanza, darasa liimbe tu. Mwalimu anaimba mstari, watoto wanaurudia. Asieleze chochote. Wimbo ukishakuwa wao, hata wakauimba wakati wa kupanga foleni ya uji, ndipo somo la kwanza lianze.

Somo la kwanza: pigo na mdundo

Kuna vitu viwili ambavyo huchanganywa mara kwa mara. Pigo ni ule mwendo wa sawasawa usiobadilika, kama hatua za mtu anayetembea au mchi unaotwanga kinuni. Mdundo ni mpangilio wa sauti ndefu na fupi zinazopita juu ya pigo hilo. Moyo hudunda kwa pigo, maneno ya wimbo huenda kwa mdundo.

Watoto waanze na pigo. Waimbe huku wakitembea mahali pamoja, hatua moja kwa kila pigo: MA-ma, A-na, E, MBE. Mstari mmoja ni hatua nne. Wengine wataenda mbio na wengine watachelewa, na hilo si kosa la kukemewa. Mwalimu apige fimbo mbili kwa upole na kuwaacha waisikie. Baada ya siku chache darasa zima litatembea kama mtu mmoja.

Kisha wapige makofi kwa maneno, kofi moja kwa kila silabi. Hapo watagundua wenyewe kwamba miguu yao ilikwenda mara nne lakini mikono imepiga mara sita. Swali la mwalimu liwe moja tu: "Ni wapi mikono imekimbia kuliko miguu?" Watoto watajibu: kwenye "Mama" na kwenye "ana". Jibu hilo ndilo somo zima la mdundo, na wamelitoa wao.

Sasa yaje majina. Walimu wengi wa Kenya waliyasoma wakiwa watoto: sauti ya pigo moja huitwa taa, sauti mbili zinazogawana pigo moja huitwa ta-te, sauti nne ndani ya pigo moja ni ta-fa-te-fe, na sauti ya mapigo mawili ni taa-aa. Majina haya yalitokana na mfumo wa Mfaransa Aimé Paris, na Curwen akayaingiza katika kazi yake. Wimbo wa embe basi unasomeka hivi: ta-te, ta-te, taa, taa. Mistari yote minne ina mdundo huo huo, na ndiyo sababu unamfaa anayeanza.

Mwishoni ije alama. Haihitaji kitabu. Kijiti kimoja kirefu juu ya mchanga ni taa. Vijiti viwili vilivyounganishwa juu kwa kijiti cha tatu ni ta-te. Mtoto wa PP2 anaweza kuandika mstari mzima wa muziki uani kwa vijiti vinane, na rafiki yake akaupiga kwa makofi. Hapo wamesoma na kuandika muziki kabla ya kujua kuandika majina yao vizuri.

Jambo moja kuhusu lugha. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno "wenzio" hukazwa kwenye "nzi". Katika wimbo huu silabi hiyo imeangukia pigo la tatu, mahali penye nguvu. Mwalimu anayetunga wimbo wake ahakikishe silabi yenye mkazo inakaa juu ya pigo. Mkazo ukianguka kando, maneno huchechemea, na watoto hushindwa kuuimba wimbo bila kujua ni kwa nini. Kosa huwa la mtungaji, lakini lawama huwaangukia watoto.

Somo la pili: ngazi ya sauti

Solfa ni ngazi. Do ndipo nyumbani, pale ambapo wimbo unataka kupumzika. Sauti nyingine zinajulikana kwa umbali wake na uhusiano wake na nyumbani. Do haikai mahali pamoja daima: mwalimu anaweza kuianza juu au chini kadiri ya koo za watoto, na ngazi yote itahama naye. Ndiyo maana hakuna haja ya kinanda. Mwalimu avumishe sauti moja ambayo watoto wanaifikia kwa raha, aiite so, na wimbo uanze.

Mpangilio wa kufundisha usifuate do, re, mi kama hesabu ya moja, mbili, tatu. Uanze na so na mi. Ni sauti mbili ambazo watoto wengi huzitoa wenyewe wanapoitana kwa mbali au kutaniana uani. Mstari wa kwanza wa wimbo wa embe una sauti hizo mbili tu. Darasa liutumie hata kwa mahudhurio: mwalimu anaita jina kwa so-mi, mtoto anajibu "nipo" kwa so-mi. Dakika tatu za kila asubuhi zinatosha, na mwalimu atakuwa amesikia sauti ya kila mtoto peke yake bila kumwaibisha mbele ya wenzake.

Baada ya wiki moja au mbili iongezwe la, iliyo katika mstari wa pili, pale penye "tamu". Watoto waulizwe: "Neno gani limepanda juu kuliko yote?" Kisha ije re na do katika mstari wa mwisho, ambapo wimbo unashuka na kufika nyumbani. Mwalimu ajaribu kuukata wimbo kwenye re, bila kuimalizia do. Watoto watalalamika, na wengine wataiimba do wenyewe kwa nguvu. Tayari wameonja ngazi ya sauti kwa masikio, na hakuna maelezo ya ubaoni yatakayowafundisha zaidi ya hapo.

Ishara za mkono za Curwen husaidia sana katika umri huu kwa sababu mtoto anaiona sauti ikipanda na kushuka. Do ni ngumi iliyofumbwa usawa wa kiuno. Re ni kiganja kilichoinama kuelekea juu. Mi ni kiganja kilicholala kifudifudi, sawa kama meza. So ni kiganja kinachotazama kifua, kidole gumba kikiwa juu. La ni mkono unaoning'inia kutoka kifundoni, juu ya so. Mwalimu akizionyesha bila kutoa sauti, darasa huimba kinachoonyeshwa, na mtoto akipewa nafasi ya kuonyesha yeye, darasa zima huwa ala yake. Kwa mtoto asiyeona, mwenzake anaweza kumshika mkono na kuufikisha kwenye kila ishara. Kwa mtoto asiyesikia vizuri, mtikiso wa ngoma aliyowekewa kiganja juu yake humpa pigo sawa na wengine.

Hapa pana maonyo mawili. La kwanza ni kwa walimu wanaume. Sauti ya mwanamume iko chini ya ile ya mtoto kwa ngazi nzima, na wavulana wadogo humwiga kwa kunguruma badala ya kuimba. Dawa ni rahisi: mtoto mmoja mwenye sauti safi aimbe mfano, na wengine wamfuate yeye. Onyo la pili ni kuhusu kelele. Mwalimu akisema "Imbeni kwa nguvu!" watoto watapiga kelele, na mtu anayepiga kelele hasikii sauti ya jirani yake. Aseme, "Imba hivi kwamba unamsikia aliye kando yako." Bila kusikilizana, somo la tatu halitawezekana.

Somo la tatu: upatanifu wa sauti

Walimu wengi hudhani upatanifu wa sauti ni kazi ya kwaya kubwa yenye soprano, alto, tena na besi. Lakini mtoto wa mwambao na wa kando ya mto amekua akisikia kiongozi akitoa na kundi likiitikia. Pale kiitikio kinapoanza kabla kiongozi hajamaliza, sauti mbili tofauti zinasikika kwa wakati mmoja. Huo tayari ni upatanifu, na darasa linaweza kuanzia hapo.

Hatua ya kwanza ni sauti ya chini inayojirudia. Nusu ya darasa iimbe maneno "embe tamu" polepole, silabi moja kwa kila pigo, kwa sauti hizi: do, do, so ya chini, do. Waendelee kuyarudia bila kukoma. Wakishatulia, nusu nyingine iimbe wimbo wenyewe juu yao. Kila mstari una mapigo manne, na sauti ya chini ina mapigo manne, kwa hiyo zinaanza na kumaliza pamoja daima.

Mwalimu anaweza kutumia mfano huo kufundisha kusikiliza. Kwanza, sauti ya chini ikae kwenye do tupu kwa mapigo yote. Mistari mitatu ya mwanzo itapita vizuri, lakini katika mstari wa nne, re itakutana na do na sauti zitasuguana. Watoto waulizwe: "Ni wapi pamekuwa na ukali?" Kisha sauti ya chini ishuke so katika pigo la tatu, na ukali utayeyuka. Mtoto wa Gredi ya 2 ambaye ameisikia tofauti hiyo ameelewa kwa nini besi ya kanisani haikai mahali pamoja, ijapokuwa hajui jina la jambo lenyewe.

Hatua ya pili ni wimbo wa kufuatana. Kundi la kwanza lianze, na likifika mstari wa pili kundi la pili lianze mstari wa kwanza. Wimbo wa embe unakubali kuimbwa hivyo, kwa makundi mawili na hata matatu, na kila kundi linaufikia mwisho kwa zamu yake. Siku ya kwanza patakuwa na vurugu na kicheko. Makundi yatavutana, na lenye sauti kubwa litalimeza jingine. Mwalimu asikate tamaa. Apunguze sauti, awakumbushe kutembea kwa pigo, na ayaweke makundi mbali kidogo. Siku ya nne au ya tano sauti zitakaa, na hapo watoto wenyewe hunyamaza baada ya kumaliza, kwa mshangao wa kitu walichokitengeneza.

Hatua ya tatu ni kurudi nyumbani. Kila mtoto aulize kwao: bibi, mama, shangazi, baba, mchunga ng'ombe wa jirani, ni wimbo gani walioimbiwa walipokuwa wadogo. Kaunti hii ina Wapokomo, Waorma, Wawardei na jamii nyingine, kila moja na bembelezi zake, nyimbo za kazi na michezo ya watoto. Wimbo utakaoletwa darasani upitishwe katika njia ile ile: kuimba, kutembea, makofi, sauti, kisha upatanifu. Mtoto wa mfugaji aone wimbo wa kwao ukiimbwa na mtoto wa mkulima, na kinyume chake. Katika eneo ambalo maji na malisho yamewahi kuwagombanisha wazazi, si jambo dogo watoto kusubiriana pigo moja.

Familia nyingine zina tahadhari kuhusu muziki na ala kwa sababu za dini, na mwalimu anapaswa kuwasikiliza wazazi mapema badala ya kungoja malalamiko. Kazi yote iliyoelezwa hapa hufanywa kwa sauti ya binadamu, makofi na miguu, na maneno yake ni juu ya embe, mvua, mifugo na adabu. Mazungumzo ya mapema na mzazi humaliza mambo mengi.

Mtoto anayeambiwa anyamaze

Kuna sentensi moja inayovunja kazi yote hii, nayo ni fupi: "Wewe nyamaza, unaharibu wimbo." Watu wazima wengi wanaosema hawajui kuimba waliambiwa maneno hayo wakiwa na miaka sita au saba, na baadhi yao leo ni walimu wanaoogopa somo la muziki. Hofu hiyo hurithishwa kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi, na mwanafunzi akikua anairithisha tena.

Mtoto anayekosa sauti mara nyingi hana tatizo la sikio. Huenda wimbo umeanzwa juu sana au chini sana kwake, huenda hajapata nafasi ya kujisikia mwenyewe, huenda bado anatafuta tofauti kati ya kusema na kuimba. Mwalimu amweke kati ya watoto wawili wenye sauti thabiti. Ampe zamu ya so-mi kila asubuhi. Pale anapotoa sauti yoyote, mwalimu aimbe sauti hiyo hiyo ya mtoto, badala ya kumlazimisha aifuate ya mwalimu, kisha wapande pamoja polepole. Miezi michache hutosha kwa wengi wao. Wakati huo apewe kazi ya pigo, ambayo huenda akaifanya vizuri kuliko wote, ili asijione mzigo.

Kinachowezekana muhula huu

Hakuna katika mazungumzo haya kinachongoja bajeti. Dakika kumi na tano, mara tatu kwa wiki, zinatosha. Wiki mbili za kwanza ni za kuimba na pigo. Wiki mbili zinazofuata ni za mdundo na vijiti. Kuanzia wiki ya tano ije so na mi, kisha la, kisha re na do. Wiki tatu za mwisho ziwe za sauti ya chini na wimbo wa kufuatana. Darasa litakalokwenda polepole zaidi lisiharakishwe, bora kila hatua isimame imara kabla ya inayofuata.

Tathmini nayo ifanywe kwa macho na masikio. Je, mtoto anashika pigo akitembea? Anaweza kupiga makofi mdundo wa mstari mmoja? Anaijibu so-mi kwa usahihi? Anaweza kubaki katika sauti ya kundi lake wakati kundi jingine linaimba jambo tofauti? Maswali hayo manne yanamtosha mwalimu kujaza kumbukumbu za kila mtoto.

Ala zikipatikana ni heri. Kayamba, njuga na ngoma vina nafasi yao, na mafundi wa kuvitengeneza wapo vijijini. Lakini wakazi wa kaunti hii wanajua mto unavyoweza kufurika, ukaingia shuleni na kuondoka na madawati, vitabu na kila kilichokuwa kabatini. Wimbo ulio ndani ya mtoto haubebwi na maji. Atauhamisha pamoja naye hadi kwenye kambi, hadi shule nyingine, na hadi nyumbani kwake mwenyewe siku atakapokuwa na wa kumbembeleza.

Walimu, bembelezi iliyokuja kuwa wimbo wa taifa iliimbwa kwanza na mtu aliyekuwa akitaka mtoto mmoja alale. Jumatatu asubuhi, kabla ya mahudhurio, anzeni na so na mi.